Maswali yenu: skrini ya projekta ya nyuma, nyeusi au kijivu?

Maswali yamejaa ya kitu kimoja, ile skrini ya jukwaani ambayo projekta inapiga kwa nyuma na watu wanaangalia kwa mbele, wengi mnaitumia kama mandhari ya mchezo badala ya kupaka rangi mbao. Nimeyachukua machache niyajibu hapa. Halafu tukisema kitambaa tuelewane, nyingi ya hizi skrini ni plastiki laini ya PVC, kitambaa ni jina tu tumelizoea.

*Sisi ni kikundi cha maigizo Nairobi, siku zote tunatumia shuka jeupe. Fundi mmoja katuambia tutafute skrini nyeusi. Si itameza picha?*

Itameza, ndiyo, ila inameza zaidi kile msichokitaka. Angalieni njia ya mwanga: wa projekta unatoka nyuma, unapita kwenye kitambaa mara moja, umeshamfikia mtazamaji. Wa taa za jukwaa unapiga kwa mbele, unaingia ndani, unarudi tena nje, yaani umepita mara mbili. Sasa chukua kitambaa kinachopitisha nusu ya mwanga, picha yako inabaki nusu lakini uchafu wa taa unabaki robo. Hapo ndipo faida ilipo. Na kitu ambacho watu wengi hawakifikirii ni kwamba hakuna projekta inayotoa rangi nyeusi, nyeusi yote unayoiona kwenye picha ni rangi ya skrini yenyewe pale ambapo projekta haikupiga, kwa hiyo kama skrini ni shuka jeupe na taa zimewaka, usiku wako wa kwenye picha unakuwa kama alfajiri yenye ukungu hata projekta iwe kali namna gani. Mkiizima projekta ndiyo mtaelewa kabisa, shuka jeupe litakaa pale linawatumbulia macho watazamaji, ile ya giza inapotea kama pazia jeusi la kawaida. Kwa mandhari ya jukwaa hilo peke yake lingetosha kunishawishi mimi.

*Mimi ni mwalimu wa drama, Mombasa. Wanaouza wana kijivu na nyeusi, nichukue ipi? Ukumbi wetu ni mpana, viti vya pembeni vipo vingi.*

Mwalimu wangu, chukua kijivu. Viti vya pembeni vimeshajibu swali. Nyeusi kwa kawaida inampendelea aliyekaa katikati, ukisogea pembeni picha inafifia haraka, na wale watoto wa pembeni wamelipa kiingilio kilekile. Kijivu inasambaza mwanga vizuri zaidi na bado inapambana na taa za jukwaa. Nyeusi ningeichukua kama ukumbi ni mwembamba, projekta ina nguvu na taa za mbele haziepukiki. Kampuni kubwa za vitu vya jukwaa kama Rosco na Gerriets wanazo za rangi zaidi ya moja, na kabla ya kulipia roli nzima omba kipande cha sampuli, hata cha ukubwa wa karatasi ya A4 kinatosha.

Ukikipata kile kipande zima taa za chumba, washa tochi ya simu, mtu aishike nyuma yake umbali wa mita moja hivi, wewe kaa mbele. Ukiona mwanga umetandaa kama maziwa, sawa. Ukiona kidoa kikali katikati, ile nukta ya tochi yenyewe, basi na lenzi ya projekta utaiona vilevile siku ya onyesho. Halafu tembea pembeni taratibu huku unaangalia, pale picha inapoanza kufa ndipo kiti chako cha mwisho kinapotakiwa kuwa.

*Hilo doa ndilo linalotusumbua! Skrini tumeshanunua, ni nyeusi, na katikati panawaka kama jua. Tufanyeje?*

Poleni, hili nalijua kwa uchungu. Kuna onyesho moja tulikuwa na mandhari ya bahari usiku, mama kasimama ufukweni anamsubiri mwanawe, dada aliyeigiza alikuwa anatoa machozi ya kweli, na juu ya bega lake likawa linawaka doa jeupe kama mwezi wa pili. Watu wa mstari wa tatu hawakumwangalia mama, waliangalia doa. Nililala vibaya siku ile.

Doa linatokea pale ambapo jicho la mtazamaji, skrini na lenzi vimekaa kwenye mstari mmoja, kwa hiyo dawa ni kuuvunja huo mstari. Pandisheni projekta juu kabisa kule nyuma, ielekee chini, ule mwanga mkali ukipita kwenye skrini uangukie sakafu ya jukwaa badala ya nyuso za watu. Au iwekeni chini ielekee juu, upite juu ya vichwa. Picha itapinda kidogo, mtainyoosha kwenye menyu ya projekta au kwa kusogeza lenzi kama yenu ina uwezo huo. Na mkumbuke kwenye menyu hiyohiyo kuchagua kupiga kwa nyuma, la sivyo maandishi yote yatasomeka kinyume.

*Nyuma ya skrini tuna mita tatu na nusu tu. Inatosha?*

Inategemea lenzi. Zidisha upana wa picha kwa namba ya lenzi, yaani umbali wa projekta ukigawanywa kwa upana wa picha, Kiingereza wanaiita throw ratio: picha ya mita 4 kwa lenzi ya 1.5 inataka mita 6, hapo hamna nafasi. Lenzi ya 0.8 inataka mita 3.2, mnaponea chupuchupu. Zile projekta zinazokaa sentimita chache kutoka kwenye skrini sizipendi kwa kazi hii, mwanga unapita kwa mshazari mno, kila mkunjo unaonekana na kona zinafifia.

*Hatuna hela za kuagiza nje. Merikani iliyopakwa rangi haifai?*

Inafaa, na msione aibu. Wenzetu wa majumba makubwa ya maigizo nao wanapiga picha kwenye pamba nyepesi kama hiyohiyo. Chukueni merikani nyepesi, chovyeni kwenye rangi nyeusi ya nguo iliyochanganywa maji mengi mpaka itoke kijivu cha wingu la mvua, msifike mbali zaidi, kaniki haipitishi kitu. Jaribuni kipande kwanza, kikauke ndipo mhukumu maana ikiwa mbichi inadanganya. Shida ni mshono, mwanga ukitoka nyuma mshono unachora mstari mweusi kuanzia juu mpaka chini, kwa hiyo tafuteni kitambaa kipana au mshono muufiche kwenye kitu cha picha, nguzo ya mlango, shina la mnazi. Na pamba inashika moto, ipakeni dawa ya kuzuia moto na taa za halojeni zikae mbali.

*Tuna onyesho la nje Unguja, Ngome Kongwe, mwezi wa pili. Ushauri?*

Mwezi wa pili ni kaskazi, dada, na skrini ya mita 4 kwa 2.25 ni mita 9 za mraba, yaani umesimamisha tanga bila jahazi. Fremu ya chuma, uzito wa kutosha miguuni, na skrini uifunge kwa kamba za mpira pande zote ili upepo ukija inyumbuke irudi, ukiifunga kwa kamba ngumu zile ringi za ukingoni mwa skrini zitachanika. Anza giza likiwa limeshaingia kweli, jua likizama tu bado anga lina mwanga wa kutosha kuosha picha yako. Hesabu mwenyewe, projekta ya lumeni 5,000 (mwanga wote inaoutoa) ukizigawa kwa mita 9 za mraba ni kama laksi 550 (mwanga unaofika kwenye kila mita ya mraba), na hapo kitambaa hakijachukua chake. Waigizaji wakae kama mita mbili mbele ya skrini, wamulikwe kutoka pembeni na juu, usiwamulike usoni moja kwa moja maana kinachowapita kinaenda kuosha picha.

*Skrini yetu ya PVC ina mikunjo, tuipige pasi?*

Hapana jamani, itayeyuka! Itundikeni imekazwa tangu jana yake, joto la ukumbi litainyoosha, na mkimaliza iviringisheni kwenye bomba nene, upande wa picha ukiwa safi bila vumbi.