Kabla moto kichaa haujafika ukutani

Sisi tunaoishi Mufindi kando ya misitu ya paini tunaujua mwezi wa nane. Nyasi zimekauka, upepo unavuma mchana kutwa, na mtu mmoja anayesafisha shamba kwa kiberiti anaweza kuunguza kitongoji kizima.

Wengi hujikinga kwa kuparua uwanja mpaka udongo mwekundu uonekane, au kuchoma nyasi wenyewe mapema. Naomba tuache. Miteremko yetu ni mikali. Mvua za kwanza zitaubeba udongo wa juu wote. Na moto wa kujikinga nao hutoroka.

Nyumba nyingi huunguzwa na cheche. Upepo huzirusha mbali mbele ya moto wenyewe, zikatua kwenye majani yaliyonasa juu ya bati, kwenye kuni zilizoegemezwa ukutani, au zikapenya uwazi ulio kati ya bati na ukuta. Ndiyo maana kule California husisitiza mita moja na nusu ya kwanza kutoka ukutani: pasiwe na kitu cha kuwaka. Kwangu hapo pana kokoto tupu. Kuni ziko ng'ambo ya bustani. Watoto hulalamikia umbali, lakini katika hilo silegezi.

Kuanzia hapo nyasi hubaki, ila fupi. Nafyeka mwezi wa tano zikiwa bado mbichi, narudia Julai asubuhi penye umande, maana fyekeo likigonga jiwe mchana wa kiangazi hutoa cheche. Nabakiza kimo cha kidole ili mizizi iendelee kushika udongo. Nilizokata hula ng'ombe, masalia huenda kwenye mboji, mbali na nyumba, nayo nainyunyizia maji isikauke.

Miti siikati ovyo. Mparachichi naupogoa matawi ya chini, mita mbili hivi kutoka ardhini, moto wa nyasi usipate pa kupandia. Mikaratusi ndiyo siitaki karibu: majani yake yana mafuta, na magome yake huchunwa na upepo yakiwa yanawaka. Mahali ambapo baridi haiiui, migomba hufaa upande unakotokea upepo, kwa kuwa shina lake limejaa maji. Sharti ni kuondoa majani makavu yanayoning'inia.

Halafu mtazame jirani. Kama ni mzee au hana wa kumsaidia, mfyekee upande unaopakana na wako. Ni kazi ya asubuhi moja.