Simu inakula chaji? Kabla hujanunua nyingine, angalia joto

Wiki iliyopita dereva mwenzangu wa bodaboda wa Mwanza alinitumia ujumbe mrefu. Naufupisha: "Kaka, simu yangu haijafikisha hata miaka miwili. Zamani nilikuwa natoka nayo asubuhi inanifikisha jioni, sasa saa sita mchana inalia chaji. Ikifika asilimia ishirini na kitu inajizima yenyewe. Mmoja kaniambia ina kirusi, mwingine kaniambia ninunue mpya tu. Wewe unasemaje? Maana nasikia ya kwako ni ya siku nyingi."

Ni kweli, ya kwangu ni ya siku nyingi. Niliinunua 2021, Samsung ya bei ya kawaida, na ndiyo inayoniletea ugali mpaka leo: maombi ya safari, ramani, malipo, kuongea na abiria, vyote humo humo. Betri ni ile ile iliyotoka nayo kiwandani. Kijiweni kwetu hapa Dar es Salaam hakuna simu nyingine ya umri huo ambayo haijapita kwa fundi kubadilishwa betri. Nalisema hili kwa fahari, kwa sababu nilichekwa sana kabla hawajaanza kuniuliza.

Nilichekwa kwa jambo dogo. Mchana jua likiwa kali, nikishashusha abiria naichomoa simu kwenye holda, naitoa kava, nakaa nayo chini ya mwarobaini, naiacha ipoe ndiyo naichomeka kwenye pawabenki. Ikikaribia asilimia 80 nachomoa. Wenzangu walisema mtu mzima mzima nabembeleza simu kama mtoto mchanga. Mwingine, namheshimu sana kwa umri, aliwaambia vijana wapya wasinisikilize, kwamba nina muda wa kupoteza kwa vile sina familia ya kulisha. Lile neno liliniuma, na sitasema kwamba limekwisha moyoni. Simu zao wamebadilisha. Mimi natembea na ile ile.

Lakini sikuanza kwa ajili yangu. Nilianza kwa ajili ya simu ya mama.

Mama yuko Morogoro, anauza maandazi na chai. Simu yake ilipoanza kuisha chaji haraka aliipeleka kwa fundi wa jirani, akawekewa betri "orijino". Haikupita miezi mingi nikaenda nyumbani nikaikuta simu ipo juu ya kabati, imefungwa mipira miwili ya kufungia noti. Nikamuuliza, akasema fundi ndiye aliyeifunga hivyo, kioo kilikuwa kinaachia. Nilipoifungua ile mipira, kioo kiliinuka upande mmoja, ukawa unaona mwanga unapenya pembeni na unaweza kuingiza ukucha. Mgongo wa simu ukiuweka mezani unacheza, haukai sawa. Betri ilikuwa imevimba, na yule fundi alichofanya ni kuirudishia kioo kwa gundi na kuifunga. Mama alikuwa anailaza kichwani kwake kila usiku, iko kwenye chaja.

Hewa inayoivimbisha betri ile inatokana na majimaji ya ndani kuvunjika kikemikali, na majimaji hayo yanashika moto. Betri ya namna hiyo haifungwi kwa mpira, haibonyezwi na haitobolewi na sindano ili "ipumue", kama wafanyavyo baadhi ya mafundi. Inatolewa. Nilikasirika kiasi kwamba nilirudi Dar nikaanza kusoma kila nilichoweza kupata kuhusu betri, na nikaanza kuwauliza mafundi wazuri wa Kariakoo, wale ambao hawaoni aibu kukueleza.

Basi nikueleze nilichokielewa, kwa sababu ukielewa inavyozeeka hutahitaji orodha ya masharti.

Betri ya simu zetu ni ya lithiamu. Aina hii iliingia sokoni 1991, Sony wakiwa wa kwanza kuiuza, na wanasayansi watatu waliofungua njia yake, John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino, walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2019. Ndani kuna pande mbili. Ukichaji, chembe za lithiamu zinahama upande mmoja kwenda mwingine wenye grafaiti, kaboni kama ile ya ndani ya penseli; ukitumia, zinarudi. Upande zinakotoka, kwenye simu nyingi, una madini ya kobalti, na sehemu kubwa ya kobalti ya dunia inachimbwa Kongo, huko Kolwezi na Katanga nzima, na Waswahili wenzetu. Nikikumbuka jasho lililomwagika kwenye kile kipande kidogo, naona ni dhambi kukiua kabla ya wakati.

Kwenye grafaiti kunajengeka utando mwembamba. Unahitajika, bila wenyewe betri haifanyi kazi, lakini kadiri unavyonenepa ndivyo unavyofunga lithiamu ndani yake isirudi tena kazini. Hiyo ndiyo chaji unayoiona imepungua. Na utando huo unanenepa haraka kwa mambo mawili: joto, na betri kukaa imejaa muda mrefu. Yakikutana yote mawili ndiyo maangamizi. Betri ya lithiamu ikihifadhiwa mwaka mzima ikiwa imejaa kabisa kwenye nyuzi joto 40, inabaki na karibu asilimia 65 ya uwezo wake. Ikihifadhiwa na chaji ya asilimia 40 kwenye nyuzi 25, inabaki na karibu 96. Na hapo haijatumika, imekaa tu.

Sasa fikiria simu yako, ndugu yangu wa Mwanza. Iko kwenye holda ya usukani, jua linaipiga usoni, mwanga wa kioo umepandisha hadi mwisho ili uone ramani, intaneti na GPS vinafanya kazi, kava nene limeifunika mgongo, halafu umechomeka waya unaotoka kwenye betri ya pikipiki, na simu ina asilimia 100 toka asubuhi. Utaniambia Mwanza kuna upepo wa ziwa. Upepo upo, lakini simu iliyo juani haifuati utabiri wa hali ya hewa. Ishike mgongoni. Ukiona kioo kinafifia chenyewe na chaji haipandi ingawa waya umechomekwa, simu imeshaanza kujitetea. Apple wanasema wazi kwamba joto la mazingira likizidi nyuzi 35 linaweza kupunguza uwezo wa betri usirudi tena. Dar mwezi wa pili hatuhitaji jua la moja kwa moja kuzikaribia hizo nyuzi.

Kwa hiyo joto kwanza. Ukiwa na kazi ya kuchaji, toa simu juani, toa kava, iache ipoe, ndipo uchomeke. Usiichaji chini ya mto. Usiiweke karibu na jiko, wala juu ya dashibodi ya gari. Nasema tena, joto kwanza, maana watu wakinisikiliza wanashika ile ya asilimia 80 wanasahau hii.

Hiyo ya 80 nayo ina sababu yake. Kadiri betri inavyokaribia kujaa ndivyo volti zake zinavyopanda na ndivyo inavyoumia zaidi ikikaa hapo. Ndiyo maana asilimia 20 za mwisho huingia polepole sana. Simu nyingi za sasa zina mpangilio wa kuzuia chaji isipite 80 au 85. Samsung wanao, na iPhone kuanzia ile ya 15 zinao. Uwashe. Siku ya safari ndefu jaza hadi 100 bila hofu, ila iwe unaondoka nayo, isikae imejaa usiku kucha.

Na ile ya "acha iishe kabisa ndiyo uchaji" iache. Hiyo ilikuwa ya betri za nikeli, na waliotufundisha walikuwa sahihi kwa wakati wao. Lithiamu haitaki kufika sifuri. Mzunguko mmoja wa betri ni asilimia 100 kwa jumla: ukitumia 50 leo na 50 kesho, ni mzunguko mmoja, si miwili. Kuchomeka kidogo kidogo hakuimalizi. Nimelirudia hili kijiweni mpaka sauti imekauka.

Mgao wa umeme wa mwishoni mwa 2023 nao ulituachia tabia. Umeme ulipokuwa ukirudi, kila mtu alichomeka kila kitu kijae na hakuna aliyechomoa, kwa kuogopa utakatika tena. Februari 2024 mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere ukawashwa, mgao ukapungua, lakini simu bado zinalala kwenye chaja zimejaa. Ndugu zangu, umeme upo. Chomoeni.

Turudi kwenye simu yako. Kujizima kwenye asilimia ishirini na kitu si kirusi. Betri iliyozeeka inashindwa kutoa nguvu nyingi kwa mara moja. Simu ikihitaji nguvu ya ghafla volti zinashuka, inazimika. Desemba 2017 Apple walikiri kwamba walikuwa wakizipunguzia kasi baadhi ya iPhone zenye betri chakavu ili zisijizime hivyo, dunia ikapiga kelele, wakashusha bei ya kubadilisha betri kutoka dola 79 hadi 29. Simu zilizobadilishiwa betri zilirudi kwenye kasi yake. Simu haikuwa mbovu, betri ndiyo iliyochoka.

Kwa hiyo usinunue mpya. Badilisha betri. Nenda kwa fundi anayekubali ukae pale pale akifungua, anayekupa dhamana ya kuandikwa na jina lake, na bei yake ikiwa ya chini kupita kiasi ondoka, mimi nilishayaona matokeo yake kwa mama. Ile ya zamani usiitupe kwenye takataka zinazochomwa moto; mwachie fundi anayezikusanya. Ukishawekewa mpya, hamisha holda ikae mahali pasipopigwa na jua moja kwa moja, au uitie simu mfukoni ukishaijua njia, usikilize sauti ya ramani kwa spika ya sikio moja.

Na ile simu yako nyingine, ambayo kwenye ujumbe wako uliniambia ipo kabatini imezimwa, itoe leo. Ichaji ifike nusu, izime tena, na uiangalie kila baada ya miezi michache. Ikikutwa imevimba, usiichomeke kabisa.