Nimeacha sukari, natumia asali. Mbona uzito haushuki?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Nina miaka 34 na kilo 84. Mwezi wa pili huu natembea haraka kilomita nne kila asubuhi, na sukari nimeitoa kabisa nyumbani. Nakunywa chai vikombe vitatu kwa siku, kila kikombe naweka kijiko kimoja kikubwa cha asali badala ya vile vijiko viwili vidogo vya sukari nilivyozoea. Nikitoka mazoezini nashushia kinywaji cha kuongeza nguvu, chupa ndogo. Mchana juisi ya embe, nasaga mwenyewe, siweki sukari. Lakini uzito umegoma. Kuna dada anauza chai ya kutoa sumu ya sukari mwilini, dozi ya siku saba, na ameniambia niache pia wali na matunda. Itanisaidia? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Marahaba. Sukari hujaiacha, dada yangu. Umeitoa kwenye kopo ukaihamishia kwenye chupa, na humo imeongezeka.

Tupige hesabu. Kijiko kidogo cha sukari, kikiwa hakijajazwa kilima, ni kama gramu 4. Vijiko viwili kwa vikombe vitatu ni gramu 24. Kijiko kikubwa cha asali kina uzito wa gramu 20 hivi, na karibu gramu 17 kati ya hizo ni sukari tupu. Kinachobaki ni maji zaidi ya kitu kingine. Vikombe vitatu, gramu 51. Kwa hiyo siku uliyojipongeza kwa kuacha sukari ndiyo siku uliyoizidisha mara mbili, na hapo bado hatujagusa juisi.

Hili la asali ndilo linalonichosha kuliko yote. Kila wiki naletewa mtu amebeba chupa ya asali "mbichi ya porini", sukari guru, au sukari ya kahawia aliyoinunua ghali, ameambiwa hiyo hainenepeshi kwa sababu ni ya asili. Miwa nayo ni ya asili. Asali ina glukosi na fruktosi, aina mbili za sukari, na mwili unaipokea kama sukari nyingine, na ini halimuulizi nyuki ametoka msitu gani. Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwongozo wake mwaka 2015 liliiweka asali na juisi ya matunda kwenye kundi moja na sukari ya mezani: zote kwa pamoja zisifike asilimia 10 ya nishati ya siku, na zikishuka chini ya asilimia 5 ni bora zaidi. Kwa mtu anayekula kalori 2,000, hiyo ni gramu 50, au 25 kwa kiwango kile bora. Wewe umeimaliza yote kwenye chai. Ukinipa kuchagua kati ya kijiko kidogo cha sukari nyeupe na kijiko kikubwa cha asali, nachukua sukari, halafu naendelea na kazi.

Embe lenyewe halijatajwa humo, maana tunda zima mwongozo haukulihesabu. Ukilila zima, ukalitafuna na nyuzinyuzi zake, moja litakutosha. Kwenye blenda mawili yanaisha kwa funda tano na tumbo halijashtuka. Glasi ya namna hiyo haikosi gramu 25 za sukari. Na kile kinywaji cha nguvu, soma lebo yake: vingi vina gramu 10 au 11 kwa kila mililita 100, yaani chupa ya mililita 300 ni gramu 30 au zaidi. Hiyo peke yake ni kalori 120 na zaidi, wakati kutembea kwako kilomita nne kunatumia takribani kalori 200 hadi 250. Nusu ya tizi umeinywa kabla jasho halijakauka. Vinywaji hivyo vina kazi kwa mtu anayekimbia saa moja na nusu mfululizo. Wewe kunywa maji.

Wali usiuache, punguza kipimo: robo ya sahani, mboga nusu, na robo nyingine iwe maharage, samaki au dagaa. Sukari za vidonge za kuweka kwenye chai, zile zenye utamu bila sukari halisi, nazo sikushauri uzitegemee. Mwaka 2023 shirika hilohilo lilisema zisitumike kama njia ya kupunguza uzito. Zoea chai ya tangawizi au mchaichai isiyo na kitu.

Sasa huyo muuza chai. Mwili hauna sumu ya sukari ya kutolewa. Damu yako yote, ukiwa mzima na hujala, ina glukosi ya kama kijiko kidogo kimoja tu, na ukiinyima kabisa ini linatengeneza yenyewe kwa sababu ubongo unaihitaji. Lakini nitakwambia kwa nini wateja wake wanarudi na ushuhuda. Ini na misuli huhifadhi wanga, kama nusu kilo hivi kwa mtu mzima, na kila gramu inashikilia takribani gramu 3 za maji. Acha wali, ugali na matunda siku chache, akiba ile inapungua, maji yanatoka, mizani inashuka hata kilo mbili. Mafuta ya kitambi yako palepale. Ukirudi kwenye wali, maji yanarudi, naye anakuuzia dozi ya pili. Chai nyingi za aina hiyo ndani yake ni sanamaki, dawa ya kuharisha. Inafanya kazi kwenye utumbo mpana, wakati kalori zimeshafyonzwa juu kwenye utumbo mwembamba. Utakachopoteza ni maji na madini, potasiamu hasa, na potasiamu ikishuka sana moyo unapiga vibaya.

Kwako wewe hasara ni pesa na wiki ya kushinda chooni. Kwa mwenye kisukari ni jambo jingine kabisa, na najua wapo wanaosoma hapa. Hawa hawa wauzaji huwaambia waache vidonge wanywe mdalasini, au wafunge kula huku wakiendelea na dawa. Anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari vya glibenclamide akifanya mazoezi na tumbo tupu, sukari inaweza kushuka mpaka akaanguka barabarani. Usibadilishe dozi bila aliyekuandikia. Ukienda kutembea beba glukosi au sukari mfukoni. Ukiona mikono inatetemeka, jasho la baridi na kichwa kinazunguka, kaa chini, kula gramu 15 za sukari hiyo, kama vijiko vinne vidogo, subiri dakika 15, pima tena. Na hapo asali pia inafaa.