Mboga za bustani yako Nairobi, Januari hadi Desemba

Je, bustani ya Nairobi inaweza kukupa mboga mwaka mzima? Ndiyo, inawezekana, ila si mboga ileile mwaka mzima. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na baridi yake haiui mimea. Kinachosumbua ni maji. Masika (Machi hadi Mei) na vuli (Oktoba hadi Desemba) panda terere, managu na kunde. Terere unaanza kuchuma baada ya wiki 3 au 4 tu. Kiangazi, sukuma wiki ndiyo itakayokuvusha: chuma majani ya chini, acha kichwa, itakupa kwa miezi, mradi umwagilie. Januari na Februari geuza majani, maana vidukari, wadudu wadogo, hujazana upande wa chini kama vumbi la kijivu.

Nyanya ndizo zenye maringo. Julai, jua likikosekana na majani yakishinda na unyevu, ukungu huyababua yakawa meusi. Mwezi huo kula kabeji na spinachi, nyanya kanunue sokoni.

Mimi nalima Kangemi, udongo mwekundu. Walio Embakasi kwenye udongo mweusi, maji hutuama, kwa hiyo inueni matuta.