Usipande jukwaani na kahawa iliyokaangwa juzi

Mkuu, simama hapo hapo. Umeniandikia kuhusu mashindano yako ya barista, watengeneza kahawa. Umeuliza ununue tampa gani, kile cha kushindilia unga wa kahawa, kinywaji chako cha ubunifu ukitie nini, na zile dakika 15 za jukwaani uzigawe vipi. Halafu mwishoni, kama jambo dogo tu, umeandika kwamba mkaangaji wako atakukaangia kahawa siku mbili kabla ya mashindano "ili iwe na nguvu". Hilo ndilo litakalokuangusha. Mengine yasubiri.

Maneno hayo hayo niliambiwa mimi. Mwezi mzima nilifanya mazoezi mgahawani, Arusha, usiku baada ya kufunga, kwa kahawa ya Mbozi iliyokwisha kukaa wiki mbili tangu ikaangwe. Gramu 19 za unga kwenye kichujio, gramu 40 za espreso, ile kahawa nzito ya kukamuliwa kwa mashine, kikombeni, kwa sekunde 27. Ilikuwa inakuja na ladha ya pasheni iliyoiva, na ukishameza inabaki sukari guru. Ilipokaribia kwisha nikamwomba mkaangaji mfuko mwingine wa mashindano. Mtu mzima, kazi anaijua miaka mingi, akaniambia, "Kijana, kahawa ni kama mkate, utamu wake ikitoka motoni." Nikamwamini. Mfuko nikaupokea Alhamisi ukiwa bado na vuguvugu. Jumamosi nikapanda.

Kahawa ikitoka kukaangwa imejaa gesi ya kabonidioksaidi, na inaitoa polepole kwa siku nyingi. Ukiikamua espreso mapema, gesi inasukumana na maji ndani ya kichujio, maji yanatafuta upenyo yapite. Sehemu moja inakamuliwa mpaka uchungu, nyingine haiguswi, inabaki na ukali wake. Na hizi tunazokaanga zisiive sana kwa ajili ya mashindano ndizo zinazotaka kupumzika zaidi.

Kwenye maandalizi, shoti ya kwanza, yaani mkamuo mmoja wa espreso, ikatoka kwa sekunde 16. Nikasaga laini zaidi, ya pili ikadondoka tone tone, sekunde 35. Muda ukaisha sijapata hata moja ya kuaminika. Espreso nne za majaji zilikuwa na povu la kufulia shati, na kabla sijafika mezani lilikuwa limeshabomoka. Nami nimesimama pale nawaambia watapata pasheni na sukari guru! Jaji wa pili akakoroga kwa kijiko, akanywa, akashusha kikombe taratibu, akaandika. Baadaye nilionja iliyobaki: ganda la ndimu. Majaji wa ladha wanapima pia kama ulichokisema ndicho wanachokionja, kwa hiyo nilipoteza alama za ladha na za maneno yangu.

Kiwewe kikanishika. Nikawa nahangaika na grinda huku maziwa ya kapuchino yanapoa kwenye jagi. Nilimaliza dakika 15 na sekunde 48. Kila sekunde ya ziada inakatwa alama moja, na ukizidisha dakika nzima unatolewa. Alama 48, mkuu! Kazi ya mwezi mzima.

Nilipomrudia yule mzee akasema mashine ya jukwaani ndiyo mbovu. Wenzangu wote walitumia mashine hiyo hiyo na vikombe vyao vilinyooka. Linaloniuma ni kwamba yeye anauza mfuko anakwenda zake, anayesimama mbele ya majaji ni barista. Na mpaka leo anawaambia vijana habari za mkate.

Sasa shika hili moja. Kahawa utakayopanda nayo iwe ile ile uliyoionja kila siku tangu ikaangwe. Zote zikaangwe kwa mkupuo mmoja, ya mazoezi na ya jukwaani, wiki mbili kabla. Kuanzia siku ya tano kamua kila siku kwa vipimo vile vile, andika sekunde, andika ladha. Utaiona siku inayofunguka: ukali unashuka, utamu unatangulia. Yangu ya mwaka uliofuata ilifunguka siku ya 11, na kwa daftari lile nilijua ya 13 itanipa nini kabla sijatoka nyumbani.

Tampa uliyonayo inatosha.

Umesema mashindano ni tarehe 28, na leo ni tarehe 9. Mpigie mkaangaji leo, akaange tarehe 14, aandike tarehe kwa kalamu kwenye kila mfuko. Akianza habari za mkate, tafuta mwingine, siku bado zipo.