Kuipatia leseni halali Windows iliyokwisha kuwekwa kwenye kompyuta ya pili

Ndugu aliyeuliza ameeleza kwamba alinunua kompyuta ya mtumba kutoka Uingereza katika duka moja la Luthuli Avenue, Nairobi, fundi akainakili diski nzima ya kompyuta yake ya kwanza ili asipoteze programu wala faili zake, na sasa Windows inamkumbusha kwenye pembe ya skrini kwamba haijaamilishwa (yaani leseni yake haijathibitishwa na Microsoft). Anataka kujua kama anaweza kuihalalisha bila kufuta kila kitu. Anaweza. Mimi husimamia kompyuta za ofisi ndogo ya uhasibu hapa Ngara, na kazi hii nimeifanya kwenye mashine zilizotufikia kwa njia iyo hiyo.

Programu iliyomo kwenye diski ni kitu kimoja, na haki ya kuitumia ni kitu kingine. Diski inaponakiliwa huhama faili peke yake, kwa kuwa seva za Microsoft huitambua kompyuta kwa vifaa vyake, hasa ubao mama (motherboard). Kinachokosekana ni leseni tu, wala hakuna haja ya kusakinisha upya.

Kabla ya kumlipa mtu yeyote, chunguza kwanza kama hiyo kompyuta ya pili ina leseni yake yenyewe. Hapa ndipo wengi hupoteza fedha bure. Mashine nyingi za mtumba zinazouzwa mjini zilitumiwa na makampuni huko zilikotoka, nazo ziliuzwa zikiwa na Windows. Tangu Windows 8 ilipotoka mwaka 2012, watengenezaji wakubwa huuhifadhi ufunguo wa leseni ndani ya ubao mama. Fungua PowerShell (dirisha la amri la Windows) kama msimamizi, kisha andika:

(Get-CimInstance SoftwareLicensingService).OA3xOriginalProductKey

Zikitokea herufi na tarakimu 25, huo ni ufunguo wa mashine hiyo. Ingia kwenye Mipangilio, Mfumo, kisha Uamilishaji, uuweke mahali pa kubadilisha ufunguo. Windows huuzwa kwa matoleo, la Home na la Pro, na ufunguo wa Home hautaamilisha Pro. Kutoka Home kwenda Pro unaweza kupanda kwa kununua ufunguo wa Pro bila kufuta chochote, lakini kushuka kutoka Pro hadi Home kunahitaji kusakinisha upya. Ikiwa ufunguo uliomo ni wa enzi ya Windows 8, usiutegemee kuamilisha Windows 10 au 11, kwa maana Microsoft ilitangaza kufunga njia hiyo mnamo Septemba 2023.

Pasipotokea chochote, rudi kwenye kompyuta ya kwanza, fungua dirisha la amri na uandike slmgr /dli. Neno OEM linamaanisha kwamba leseni iliuzwa pamoja na mashine hiyo na haiwezi kuhamishwa, hata mashine ikifa. RETAIL ni leseni iliyonunuliwa peke yake, na masharti yake yanakuruhusu kuihamishia kompyuta yako nyingine, mradi uiondoe kwenye ya kwanza; amri ya kuuondoa ufunguo ni slmgr /upk. Haikuruhusu kutumia mashine mbili kwa leseni moja. Tahadhari hapa: kompyuta zilizopandishwa bure kutoka Windows 7 nazo huonyesha RETAIL, ilhali haki yake ilitokana na OEM. Kama herufi tano za mwisho ni 3V66T, huo ni ufunguo wa jumla ambao mamilioni ya kompyuta za Pro zinao, na hauna cha kuhamisha.

Ukiona VOLUME_KMSCLIENT kwenye kompyuta ya duka au ya nyumbani, tafadhali lichukulie jambo hilo kwa uzito. Uamilishaji wa aina hiyo ni wa taasisi zenye mkataba na Microsoft. Hudumu siku 180 na huongezwa muda na seva ya taasisi yenyewe. Pasipo taasisi, kwa kawaida kuna programu iliyowekwa ili kujifanya seva hiyo, na mara nyingi aliyeiweka alilazimika kuizima kinga ya virusi kwanza. Sisi hutunza marejesho ya kodi na nywila za wateja, na siwezi kukubali programu nisiyomjua mwandishi wake iwe na mamlaka kamili juu ya mashine yenye taarifa za watu. Zaidi ya hayo, Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inazilinda programu za kompyuta kama inavyolinda vitabu.

Ikibidi kununua, fahamu kwamba bei ya Microsoft kule Marekani ni takriban dola 139 kwa Windows 11 Home na dola 200 kwa Pro. Anayekuuzia ufunguo wa Pro kwa shilingi mia chache kupitia M-Pesa hakuuzii leseni; mara nyingi ni ufunguo wa mkataba wa kampuni fulani, na unaweza kuzuiwa wakati wowote. Nunua mahali watakapokupa risiti ya eTIMS (mfumo wa ankara wa mamlaka ya kodi, KRA) yenye jina la bidhaa, kisha uihifadhi pamoja na ufunguo. Pia angalia kwanza kama mashine ina TPM 2.0, kifaa cha usalama kinachohitajika na Windows 11, kwa sababu msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025.

Ukishauweka ufunguo, andika slmgr /xpr. Jibu linalotakiwa ni kwamba uamilishaji ni wa kudumu. Badilisha pia jina la kompyuta ya pili, kwa kuwa diski iliyonakiliwa ilikuja na jina la ile ya kwanza na zote mbili zitagongana kwenye mtandao wa ofisi. Jibu la slmgr /dli likikutatiza, liweke hapa tulisome pamoja, ila usiuweke hadharani ufunguo wenyewe.