Bei iandike wazi

Dada, umeuliza uanze na mtandao gani kuuza vitenge vyako. Usikimbilie yote. Instagram ikuonyeshee mzigo, WhatsApp Business ikukamilishie mauzo. Ina katalogi, mteja anaona kitenge na bei palepale. Na bei iandike! Hii ya "bei njoo inbox" inafukuza watu, mimi mwenyewe huwa napita tu. Piga picha asubuhi karibu na dirisha, kitenge kikiwa kimevaliwa, kisha ya pili uvute hadi maandishi ya pindoni yasomeke. Stetasi hupotea baada ya saa 24, basi weka kila siku, hasa mishahara ikitoka. Tangazo la kulipia subiri kwanza: kila anayenunua muulize alikuona wapi, andika daftarini, ujue kwanza wateja wanatokea wapi.